Hofu hupima kwa kangomba

Maziwa yalitokea puani. Hilo ndilo nililoliona kwanza, na mpaka leo nikifumba macho ndilo linalotangulia: michirizi miwili myeupe, mmoja umeshafika shavuni, mwingine umeganda juu ya mdomo kama makamasi.

Ilikuwa saa tatu kasoro usiku, mwezi wa Novemba, msimu wa korosho umepamba moto na mimi ndiyo kwanza nimerudi kutoka ghalani na vumbi la magunia mpaka kwenye kope. Mama watoto alikuwa amemaliza kunyonyesha. Akanikabidhi kijana ili akaoge. Wiki kumi na moja ndizo alizokuwa nazo. Nikamlaza mkekani, chali, nikainama kuvua viatu.

Niliponyanyua macho alikuwa amekakamaa. Mgongo umejipinda kwenda nyuma, ngumi zimefumbwa, macho yametoka lakini hayanitazami. Kifua hakipandi. Midomo inageuka rangi ya zambarau.

Nilimnyanyua, nikamlaza kifudifudi juu ya mkono wangu, kichwa chini kuliko makalio, nikawa nampiga mgongoni kwa kiganja. Mara ngapi, sikumbuki. Nakumbuka nilikuwa nasema "jamani, jamani, jamani," kama mtu aliyeibiwa sokoni.

Kisha akavuta pumzi. Ilikuja na mlio, kama mlango wa bati unaoburuzwa sakafuni. Akalia.

Sijawahi kupenda kelele namna ile.

## Kila mtu alikuja na jina

Tulipofika zahanati ya karibu, kijana alikuwa ananyonya kama hakuna kilichotokea. Mhudumu akasikiliza kifua, akauliza kama huwa anacheua. Anacheua, tukasema, tena sana, kanga zote za mama yake zinanuka maziwa. Basi, akasema, huyu ana asidi, inampanda. Akaandika dawa ya maji ya kupunguza asidi, nikalipa, tukapanda bajaji kurudi nyumbani Chikongola, Mtwara mjini.

Ndani ya ile bajaji nilikuwa na raha ambayo leo naionea aibu kidogo. Nilikuwa nimepata jina, na jina lilikuja na chupa yake na kijiko chake cha plastiki.

Raha ilidumu mpaka kesho yake mchana, mama mkwe aliposhuka kutoka Newala. Hakuwa na haraka. Alinawa, akampokea mjukuu, akamfungua kinywa kwa kidole gumba akiwa amemwelekeza mlangoni penye mwanga.

"Kimio," akasema, yaani kile kinyama kinachoning'inia kooni. "Kimeshuka. Ndicho kinachomziba."

"Mama, daktari amesema ni asidi."

"Asidi ya nini, Baba? Mtoto kala pilipili?"

Sikuwa na jibu. Tena niseme ukweli, swali lilikuwa zuri kuliko jibu lolote nililokuwa nalo. Yeye alikuwa na fundi anayemfahamu, mtu wa miaka mingi, mwenye kisu chake kilichopinda, ambaye amekata vimio vya nusu ya ukoo. Jirani naye alikuwa ameshasema ni degedege. Mwingine alisema jicho. Sitawachosha na wa jicho.

Wasomaji wa Kusini mnajua kwamba kwetu mjomba ana neno lake juu ya mtoto wa dada yake. Mama mkwe akampigia simu mwanawe. Nilitegemea aniletee kisu nyumbani, maana ni mtu wa mila kuliko sisi sote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, na simu ilikuwa imewekwa sauti kubwa: "Aliacha kupumua na bado mko nyumbani mnabishana? Mpelekeni hospitali kubwa. Kisu hakiozi."

Jioni ile tukaenda.

## Dakika tano

Daktari alikuwa dada wa umri wa mdogo wangu. Swali lake la pili, baada ya jina la mtoto, lilikuwa: ilichukua muda gani?

"Dakika tano," akasema mama watoto, ambaye alitoka bafuni na kanga kifuani baada ya kusikia ninavyopiga kelele.

"Kama kumi hivi," nikasema mimi.

Daktari hakubisha. Akavua kitenge kilichokuwa begani kwa mke wangu, akakiviringisha, akanipa. "Nionyeshe, Baba. Tangu ulipomwona amekakamaa mpaka alipolia. Fanya yote uliyofanya, usiharakishe." Akawasha saa ya simu yake.

Basi nikafanya. Mbele ya nesi, mbele ya mama mkwe, mtu mzima na kitenge mkononi. Nikakinyanyua, nikakigeuza, nikakipiga, nikasema jamani jamani. Machozi yalinitoka, sijui kwa nini wakati ule na si usiku wenyewe. Kitenge kilipolia, nikasimama.

Sekunde 22.

Akasema turudie. Zikawa 19.

Mimi ni karani wa mizani katika chama cha msingi. Kazi yangu yote ni kumwambia mkulima kwamba gunia analoapa lina kilo 90 lina 81. Huwa nawatazama wakikasirika na moyoni najiambia hawa watu hawajui kupima. Na walanguzi wa kangomba, ule ununuzi wa magendo wa korosho kwa bakuli badala ya mizani, wanaishi kwa hilohilo: bakuli lao limeandikwa kilo, ukilimimina kwenye mizani linazidi kilo, na aliyeuza hajui. Siku ile nikajiona na bakuli langu. Hofu hupima kwa kangomba.

Sekunde zile hazikuwa kitu kidogo. Lakini mtoto aliyekata pumzi dakika kumi na mtoto aliyekata pumzi sekunde 20 ni wagonjwa wawili tofauti, na mimi nilikuwa nimempeleka yule ambaye hakuwepo.

Akauliza pia ulimi ulikuwa na rangi gani. Sikuutazama. Alisema mikono na miguu ya mtoto mchanga huweza kubadilika rangi kwa baridi tu, na kwa ngozi zetu nyeusi midomo nayo hudanganya. Ulimi na fizi ndizo zinazosema kweli. Hilo nimelibeba.

## Swali lililoniudhi

Kisha akamvua nguo zote. Akamgeuza kila upande chini ya taa, akapapasa utosi, akatazama nyuma ya masikio, akakunjua mikono na miguu mmoja mmoja. Akauliza bila kuninyanyulia macho: nani alikuwa naye? Peke yako? Ulikuwa umechoka? Kuna mtu alimtikisa, hata kwa kumbembeleza?

Nilielewa anauliza nini. Masikio yalinipata moto.

"Hili nawauliza wazazi wote, Baba," akasema.

Sikumsamehe kwa wiki nzima. Nililala nalo, nikaamka nalo, nikalipeleka ghalani. Ndipo nikaanza kusoma usiku, simu kwenye chaji, na nikakutana na kisa ambacho kilinitoa kinyongo.

Mwaka 1972 daktari mmoja wa Marekani, Alfred Steinschneider, aliandika makala kuhusu watoto watano wachanga waliokuwa wakikatika pumzi. Wawili kati yao, ndugu wa tumbo moja, walikufa, na familia hiyo ilikuwa imeshazika watatu kabla yao. Hoja yake ilikuwa kwamba kukatika kwa pumzi ndiyo dalili inayotangulia kifo cha ghafla cha usingizini, na kwamba huenda ni kitu cha kurithi. Makala ilipendwa mno. Mashine za kufunga kifuani zinazopiga king'ora mtoto akiacha kupumua ziliingia majumbani kwa maelfu. Mwaka 1995 mama wa wale ndugu alitiwa hatiani kwa kuwaua watoto wake wote watano.

Zaidi ya miaka ishirini. Wataalamu walikuwa na jina zuri, lenye mashine yake, na wachache waliouliza lile swali la kuudhi hawakusikilizwa.

Sasa yule dada akiniuliza tena nitamjibu vizuri.

## Upana wa kidole kimoja

Ninalotaka kulikalia ni hili la asidi, maana ndilo lililonisumbua kuliko yote.

Juu ya mfuko wa tumbo, pale umio unapoishia, kuna msuli unaofunga kama mdomo wa mfuko wa kamba. Kwa mchanga msuli huu hulegea mara kwa mara, chakula chake chote ni cha majimaji, na kutwa nzima amelala. Unategemea nini? Karibu nusu ya watoto wa chini ya miezi mitatu hucheua angalau mara moja kwa siku. Huongezeka kuelekea mwezi wa nne, kisha hupungua, na wengi wakifikisha mwaka wameacha. Hao si wagonjwa. Wanatufulisha nguo tu.

Je, kucheua kunaweza kukata pumzi? Kunaweza. Hapa ndipo nilipomrudia mama mkwe kwa heshima. Maji au maziwa yakigusa koromeo la mtu mzima, anakohoa. Yakigusa la mchanga, mara nyingi hakohoi: koromeo hujifunga, pumzi husimama, mapigo ya moyo yanaweza kupungua, naye anameza, anameza, mpaka njia isafike. Ni ulinzi. Mwili unachagua kukosa hewa kwa muda mfupi kuliko kuingiza maziwa mapafuni. Waswahili tulishalipa neno zamani, kupaliwa, ingawa tukisema mtu amepaliwa tunamwona anakohoa, na huyu alikuwa kimya.

Kwa hiyo mhudumu wa zahanati alionyesha kidole kooni, na mama mkwe alionyesha kidole kooni, na kati ya vidole vyao kulikuwa na upana wa kidole kimoja. Mmoja akasema kimio, mwingine asidi. Kilichowatofautisha ni mkononi: mmoja kashika kisu, mwingine chupa.

Kisu sikitetei hata kidogo. Kimio hakizibi pumzi ya mtoto, na kukikata kunaleta kumwaga damu, usaha, pepopunda. Yale tunayoyaita meno ya plastiki, tunayowang'oa watoto wanaoharisha, ni hadithi hiyohiyo. Ila chupa yangu nayo nilitaka kujua ina kazi gani.

Nilimwuliza daktari. Akasema: "Inawezekana kabisa yalikuwa maziwa. Hata mimi ningebahatisha hivyo. Lakini dawa hii haizuii maziwa kupanda, inayapunguza ukali tu. Yatapanda vilevile, na koromeo litajifunga vilevile." Kisha akaongeza kwamba asidi ya tumboni ina kazi ya kuua vijidudu, na kwamba dawa za kuipunguza zimehusishwa na watoto kupata zaidi homa ya mapafu na kuharisha. "Achana nayo."

Baadaye nikasoma kwamba watafiti wamepitisha mipira myembamba puani mwa watoto hadi umioni, wakarekodi kupanda kwa maziwa na kukatika kwa pumzi kwa wakati mmoja. Mara nyingi, hasa kwa njiti, viwili hivyo vilitokea kwa mtoto yuleyule lakini kila kimoja kwa saa yake. Kama majirani wawili wanaotumia geti moja bila kusalimiana.

## Daraja la tatu

Tulilazwa usiku ule, wakambana mguuni kile kifaa chenye taa nyekundu cha kupima oksijeni. Wakapima sukari, malaria, joto. Wakauliza kama dada wa kijana ana kikohozi, kwa sababu kifaduro kwa mchanga huweza kuja bila ule mluzi tunaoujua, kikaja kama pumzi inayokatika basi. Kadi ya kliniki ikaonyesha chanjo za wiki ya sita na ya kumi zimechomwa. Ikaonyesha pia uzito: 3.2 alipozaliwa, 5.7 sasa, na ule mstari unapanda bila kona. Daktari aliukalia mstari huo kuliko kipimo chochote. Moyoni nikampenda. Mtu anayeamini mizani.

Asubuhi akaketi kwenye kona ya kitanda akatuambia hakuna alichokipata.

"Kwa hiyo ni nini?" nikauliza.

Akasema linaitwa tukio fupi, lililokwisha, lisiloelezeka.

Nilidhani anatania. Nimekaa kwenye benchi usiku kucha, napewa maneno matatu yanayosema hatujui!

Lakini jina lina historia yake. Zamani matukio haya yaliitwa kifo cha ghafla kilichokosakosa, kana kwamba kila mtoto wa namna hii ameponea chupuchupu kaburi. Mwaka 1986 wataalamu walikutana Marekani wakalibadili, wakaliita tukio linaloonekana kutishia maisha. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kikaleta hili la sasa, kwa mtoto wa chini ya mwaka ambaye tukio lake limeisha, chini ya dakika moja, naye amechunguzwa bila kuonekana sababu. Maziwa yakionekana dhahiri kuwa ndiyo sababu, jina hili halitumiki tena. Yule dada alisema michirizi yangu miwili ilimvuta upande huo, ila ilimwambia kwamba maziwa yalipanda. Haikumwambia kama yalipanda kabla ya pumzi kukatika au baada, na mimi nilikuwa nimeinamia viatu.

Kijana wetu alipita kila geti: ana zaidi ya siku 60, alitimiza miezi tumboni, ni mara ya kwanza, hakuna mhudumu aliyelazimika kumkandamiza kifua, hana jambo mwilini wala kwenye ukoo. Kwa mtoto kama huyo mwongozo unasema msimrundikie vipimo na msimpe dawa za asidi. Angekuwa njiti, au wa wiki tatu, au lingekuwa tukio la pili, mazungumzo yangekuwa mengine kabisa.

Ghalani nina madaraja mawili. Korosho ni la kwanza au la pili, hakuna mkulima aliyewahi kuondoka na karatasi iliyoandikwa "haijulikani." Nilitoka hospitalini na daraja ambalo sijawahi kuliandika.

Akatupa ya kutazama. Tukio likijirudia, turudi saa hiyohiyo. Homa, au baridi isiyo ya kawaida. Akikataa kunyonya. Akihema mbio: mtoto wa miezi miwili hadi mwaka, kama wetu, ukimhesabia pumzi 50 au zaidi kwa dakika, akiwa ametulia, huyo ni wa hospitali. Kifua kikiingia ndani anapovuta. Matapishi ya kijani au yenye damu, au yanayoruka mbali kila anaponyonya. Likitokea tena, nimguse nyayo, nimwite, nimnyanyue. Na kwa hali yoyote nisimtikise.

## Kuhesabu

Wiki mbili sikulala. Nilikuwa namulika kifua chake kwa taa ya simu, nahesabu. Na ukihesabu utaona: wachanga hupumua mbiombio, kisha husimama sekunde tano, saba, hata kumi, kisha huendelea. Usiku wa kwanza nilimwamsha mara nne kwa sababu hiyo. Ni kawaida yao. Aliyenihakikishia ni nesi wa kliniki, akicheka, siyo kwa ubaya.

Nilitafuta mtandaoni ile mashine ya king'ora. Nikakaribia kuagiza, bei yake mshahara wa mwezi na nusu. Daktari alikuwa ameshasema haijathibitika kuzuia vifo, italia usiku kwa sababu ya waya kulegea tu, na sisi wawili tutakuwa vichaa kabla ya mwaka mpya.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa kulaza. Mama mkwe alitaka kifudifudi, ili akicheua yatoke. Inaingia akilini kabisa, na si yeye peke yake: madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa wakishauri hivyohivyo kwa miaka. Ila mtoto akilala chali, bomba la hewa linakuwa juu ya umio, kwa hiyo kinachopanda kinapaswa kupanda mlima ndipo kiingie kwenye pumzi. Mpindue kifudifudi, bomba linakuwa chini, mlima unageuka bonde. Uingereza walianza kampeni ya kulaza chali mwaka 1991, Marekani 1994, na vifo vya ghafla vya usingizini vikashuka kwa zaidi ya nusu. Nilimchorea mama mkwe picha nyuma ya karatasi ya mizani. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Umechora samaki," akasema.

Lakini usiku ule alimlaza chali. Baada ya kunyonya alikuwa anamweka begani, anamcheulisha taratibu, anazunguka naye ukumbini kama robo saa, akiimba kwa Kimakonde kitu ambacho mke wangu alikataa kunitafsiria.

## Ilikuwa nini

Wiki iliyopita mwenzangu ghalani akaniuliza, hivi yule mtoto ilikuwa nini hatimaye?

"Haijulikani," nikasema.

"Si umrudishe wakamwangalie vizuri?"

"Walimwangalia vizuri."

Akanitazama kama wanavyomtazama karani ambaye kilo zake hazilingani na magunia. Ndiyo sababu ya kuandika haya yote, kusema kweli. Nilishindwa kumweleza pale pale, tuna foleni, watu wanagombania mizani.

Kijana ana miezi mitano sasa. Kilo 7.3. Bado anacheua, ameniharibia shati la Ijumaa. Tukio halijarudi.

Na ile chupa ya asidi, iliyotumika vijiko viwili, bado iko kabatini nyuma ya kopo la chumvi. Niliahidi kuitupa mwezi wa kumi na mbili. Mama watoto anaiona kila anapopika, na hajaniuliza.